Kipande

Jiwe lenyewe liko nyuma ya duka la matairi,
Harrowbeck, mwisho wa njia ya basi,
wala hakuna kibao cha kuelekeza.
Fundi mmoja, mikono imejaa grisi,
ananionyesha kwa kidevu: pale, penye pipa la taka.
Namsukuma Mama katika kiti cha magurudumu
juu ya kokoto. Analalamika. Kofia imemwangukia jicho.

Majina thelathini na tisa, yote ya wanawake
isipokuwa mzee wa stoo na kijana wa mkokoteni.
Agosti, mwaka wa kumi na saba.
Vita vilikuwa ng'ambo, Ufaransa, ndiko wanaume walikofia;
huku waliyajaza makombora kwa vijiko vya mbao,
bila pini kichwani, bila kifungo cha chuma,
maana cheche haiulizi hodi.

Ile baruti iliwapaka manjano: ngozi, kucha,
hata mito waliyolalia.
Thirza Ackroyd, wa kwanza juu,
alijifungua mtoto wa rangi ya kiini cha yai,
akasema, huyu hatanipotea gizani.

Mama anasoma kwa kidole. Anashuka, anashuka,
anasimama: ELFRIDA MAWSON, MIAKA 19.
"Huyu hapa," anasema. "Hujambo, Mama."

Nikadhani akili imeanza kumtoka.
Mama yake nilimjua: Bibi Dorcas,
aliyenifundisha kumenya kiazi ganda lisikatike,
aliyefia kitandani mwaka nilioanza kazi benki,
na ambaye, tulisema sote, alikuwa mzito wa masikio:
ukimwita Dorcas, huchelewa kidogo kugeuka.

Hakuwa kiziwi.

Basi Mama akanieleza, pale pale,
akipandisha sauti kila pampu ya upepo ilipowaka.
Jino. Jino la nyuma, limevimba usiku kucha,
na siku usiyofanya kazi haina mshahara.
Dorcas, mdogo mtu, miaka kumi na minne, mrefu kwa umri wake,
akavaa kofia ya dadake, akachukua kipande cha shaba,
mia mbili na kumi na mbili,
akajipaka unga wa haradali mashavuni awe manjano kama wenzake,
akatoka anacheka. Alicheka hadi mwisho wa uchochoro.
Mlinzi wa lango alisoma namba.

Saa nne na dakika kumi
madirisha ya mji mzima yaliingia ndani.
Elfrida alikuwa kitandani, taya limefungwa kitambaa.

Kilichopatikana ni kipande.
Kampuni ikatoa jina kwenye namba.
Baba yao akakaa mezani na kalamu:
mtoto kupelekwa kwenye baruti, hiyo ni faini, pengine jela,
na fidia ndiyo kwaheri.
Akamwita aliyebaki. Tangu leo wewe ni Dorcas.
Akawa. Akarudi nyuma miaka mitano,
akasubiri kukua mara ya pili,
akaolewa, akamzaa Mama,
akazikwa huko juu kanisani chini ya jina la mtoto.
Kila Agosti alipanda basi peke yake.
Sisi tukidhani anafuata kitambaa cha bei nafuu.

"Tuwaandikie manispaa," nikasema. "Wasahihishe."
Mama alikuwa ameitemea mate leso yake,
anafuta kinyesi cha njiwa kwenye herufi ya E.
"Ukimtoa hapa utampeleka wapi?
Kila mmoja kamlalia mwenzie jina miaka yote hii,
na hakuna aliyelalamika."
Kisha akataka chai. Kisha akasema baridi imemwingia magoti.

Nikamgeuza kiti kuelekea barabarani,
nikafunga breki, nikarudi hatua mbili.
Nikaliambia jiwe, polepole: Dorcas.
Nikangoja kidogo,
kama tulivyozoea kungoja.